Baada ya tiba ya saratani, unyumba unauma: maswali ya akina mama

Mama mmoja wa Ukerewe alisubiri mumewe atoke kununua maji, ndipo akaninong'oneza, huku akikunja na kukunjua pindo la kitenge chake: "Nesi, nimepona, lakini unyumba umenishinda." Alikuwa amemaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi miezi 7 nyuma, na muda wote huo hakumwambia mtu. Wanaovuka ziwa au kupanda basi kutoka Geita na Musoma kufuata tiba hospitali ya Bugando, Mwanza, wananiuliza hayo hayo, wengi wakiwa wameshika mlango tayari kuondoka.

Kwa nini inauma, na zamani haikuwa hivyo?

Mionzi huua saratani, lakini huunguza pia ngozi laini ya uke. Ikipona inaacha kovu: kuta hukakamaa, pengine hushikana, njia ikawa nyembamba na fupi. Ovari nazo zikipigwa mionzi huacha kutoa homoni ya estrojeni, hata kama una miaka 35. Hedhi inakata, unatokwa jasho usiku, uke unakauka. Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, inaweza kuleta ukavu huo huo kwa aliyetibiwa saratani ya matiti. Tena ukishaumia mara moja, mwili hujikaza wenyewe kabla hata hujaguswa. Mumeo akidhani umemchoka, mweleze hili.

Kuna tiba?

Ipo, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi. Kwa njia iliyobana kuna kipanuzi, kifaa laini chenye umbo la kidole, cha saizi tofauti. Huanzishwa wiki chache baada ya mionzi kuisha, daktari akishakupima. Unalala chali, magoti umeyakunja, unakipaka kilainishi, unakiingiza taratibu huku ukishusha pumzi. Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki, ukianza na kidogo kabisa. Matone machache ya damu mwanzoni si ajabu. Maumivu makali ni ishara ya kuacha na kurudi kliniki. Hata mjane au asiye na mwenzi anakihitaji, maana njia ikiziba, daktari hawezi kukagua kama saratani imerudi.

Kwa ukavu, tumia kilainishi cha maji kinachouzwa famasi. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hudhoofisha kondomu za mpira, zikapasuka. Ipo pia krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Aliyetibiwa saratani ya matiti asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari wake wa saratani, kwa kuwa baadhi ya saratani hizo hulishwa na homoni hiyo.

Mume wangu anaogopa nitamwambukiza.

Saratani haiambukizwi. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, kama ambavyo picha ya eksirei haibaki. Ile inayowekwa ndani ya uke huondolewa kabla hujatoka chumba cha tiba. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ndicho huambukizwa kwa ngono, ila wanandoa wengi huwa wamekwisha kukutana nacho miaka mingi kabla ya ugonjwa. Njoo naye kliniki. Mwanaume akiyasikia haya kwa daktari, hofu hupungua.

Jirani amenishauri niweke shabu.

Usiweke, nakuomba. Shabu, ugoro na majani ya kienyeji hukausha na kuchubua ngozi ambayo tayari ni dhaifu.

Na hamu ikiisha kabisa?

Uchovu, hofu na upungufu wa homoni huiondoa. Anzeni na kukumbatiana na kupapasana, bila kulazimisha kuingiliana.

Ni lini nisisubiri tarehe ya kliniki?

Ukitokwa damu nyingi, au damu inayojirudia kila baada ya tendo. Ukitokwa uchafu wenye harufu kali. Mguu mmoja ukivimba. Mkojo au kinyesi kikipitia ukeni, panda meli au feri ya kwanza utakayoipata.