Kasoro za silikoni kabidi huzaliwa ndani ya tanuru

Ule msasa mweusi ambao mafundi rangi wa magari kule Nyakato huulowesha kabla ya kusugua bodi, punje zake ni silikoni kabidi. Viwanda vimekuwa vikiitengeneza tangu miaka ya 1890. Kwenye msasa, punje yenye kasoro haina madhara. Ila siku hizi kitu hichohicho hutengenezewa transista za magari ya umeme na za inveta kubwa za sola, na huko kasoro isiyoonekana kwa macho yaweza kuiua chipu. Vijana wa ufundi umeme hapa Mwanza hutuuliza kwa nini vifaa hivyo ni ghali kuliko vya silikoni ya kawaida. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ukuzaji wa fuwele.

Silikoni huyeyushwa kwenye nyuzijoto 1,414, kisha fuwele ikavutwa taratibu kutoka kwenye uji wake. Silikoni kabidi haikubali hivyo: kwa kanieneo ya kawaida haiyeyuki, hugeuka mvuke moja kwa moja. Kwa hiyo unga wake huwekwa chini ya chungu cha grafiti na kupashwa joto linalopita nyuzi 2,000, ndani ya gesi ya agoni iliyopunguzwa kanieneo. Mvuke hupanda na kuganda kwenye mbegu, yaani kisahani cha fuwele kilichobandikwa kwenye kifuniko, ambako joto ni pungufu kidogo. Njia hii ilianzishwa na wanasayansi Tairov na Tsvetkov mwaka 1978 katika Urusi ya Kisovieti. Kwa kawaida fuwele haiongezeki hata milimita moja kwa saa, na muda wote huo chungu kimefungwa.

Kasoro ya kwanza ni ya kurithi. Safu ya atomu ikiteguka, mstari wa mteguko huo hauwezi kukatika katikati ya fuwele. Lazima utokeze kwenye uso au ujifunge kama pete. Mbegu yenye mteguko unaotokeza juu huipa fuwele mpya mteguko uleule. Ukiwa wa kuzunguka kama parafujo na hatua yake, yaani kimo unachopanda kwa kila mzunguko, ni kubwa, mkazo katikati huzidi kiasi kwamba atomu haziwezi kukaa pale, na hubaki tundu jembamba kutoka chini hadi juu. Mwanafizikia Mwingereza Frank alieleza jambo hilo mwaka 1951. Chipu yenye tundu la namna hiyo hupasuliwa na volteji kabla ya kufika kiwango chake. Watengenezaji walihangaika nayo miaka mingi. Sasa wamekaribia kuimaliza.

Ya pili ni ya mpangilio. Matabaka ya atomu hupangwa kama kreti za soda ghalani, kila tabaka likisogezwa kidogo upande huu au ule, na mipangilio inayojulikana inapita 200. Kwa umeme mkubwa unatakiwa ule unaojirudia kila baada ya matabaka manne. Tofauti ya nishati kati yake na mingine ni ndogo mno, hivyo joto likiyumba kidogo kipande cha fuwele hufuata mpangilio mwingine, na mpakani miteguko mipya huanza.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kingo za fuwele na katikati yake hazipati joto sawa, mkazo unaingia, na matabaka yanateleza moja juu ya jingine. Hapo huzaliwa miteguko ya kulala, inayofuata ubapa wa matabaka, nayo haiziui chipu siku ya kupimwa. Mkondo ukipita ndani ya dayodi, nishati inayotolewa humo huisukuma itanuke, na ukinzani hupanda kadiri siku zinavyokwenda. Dawa iliyopatikana ni kuikata fuwele kuwa visahani vya kutengenezea chipu kwa mwinamo wa nyuzi nne, kisha kuotesha tabaka safi juu yake kwa gesi kwenye nyuzijoto 1,600 hivi. Miteguko mingi ya kulala husimama wima, na ikisimama madhara yake hupungua sana.

Ili kuiona miteguko, kisahani hutumbukizwa kwenye potasiamu haidroksaidi iliyoyeyuka, karibu nyuzijoto 500. Kemikali hiyo hula haraka pale palipoteguka. Chini ya hadubini utaona vishimo vya pembe sita, vikubwa kwa miteguko ya parafujo na vidogo kwa mingine ya wima. Ile ya kulala huacha vishimo mviringo vilivyorefuka kama kombe. Kisahani kilichopimwa hivyo hakiuziki tena, ndiyo maana viwandani hutumia pia eksirei na mwanga wa urujuanimno. Na kwa kuwa visahani sasa vinapanuliwa kutoka milimita 150 hadi 200, kulisawazisha joto kutoka katikati mpaka ukingoni kumezidi kuwa kugumu.