Gredi ya noti ni nini, na kwa nini noti mbili za Thailand zinazofanana zinapishana bei

Gredi ya noti ni kipimo cha hali ya karatasi yenyewe ilivyo leo ukiishika mkononi. Haipimi umri, haipimi uzuri wa picha, hata uadimu haipimi, inapima tu noti imeteseka kiasi gani tangu itoke kwenye mashine ya kuchapia mpaka ikufikie wewe. Na hapa ndio wengi wanapigwa, au wanajipiga wenyewe, maana mtu akishika noti ya miaka 80 anaona kashakamata utajiri, wakati anayejua anaangalia kwanza mikunjo, kona na kingo, umri atauuliza baadae.

Nimechagua noti za Thailand kuelezea hii kitu kwa sababu historia yake imepangika vizuri sana, Wathai wamezigawa kwa matoleo, la 1, la 2, la 3 na kuendelea, kila toleo lina mwaka wake na mchapaji wake kwa hiyo hupotei. Halafu sio noti za mbali na sisi kihivyo. Wafanyabiashara wetu wanaenda Bangkok kufunga mzigo wa nguo pale Pratunam, watu wa madini wanapeleka mawe Bangkok na Chanthaburi, baht zinarudi kwenye mabegi na humo humo siku moja unaweza kukuta ya zamani na usijue umeshika nini.

Ngazi zenyewe ziko hivi. Juu kabisa kuna UNC, yaani noti haijawahi kutumika, haina mkunjo hata mmoja, kona zina ncha kali, karatasi ngumu inalia ukiitikisa. Chini yake AU, hii imeguswa kidogo, labda ina mkunjo mmoja mwepesi wa katikati au alama ya kuhesabiwa pale kona. Inafuata XF, ambayo wengine wanaandika EF, unakuta mikunjo miwili mitatu myepesi au mmoja uliokolea lakini karatasi bado ina nguvu na ni safi. VF ndio ile imezunguka mtaani, ina mikunjo ya wima na ya ulalo, uchafu kidogo, ila bado haijalegea. Fine imelegea, mikunjo mingi, kingo zimechoka. VG na G ni zile zimechanika pembeni, zina matundu katikati pale mikunjo inapokutana, rangi imefifia, nyingine zimeandikwa kwa peni.

Hizo herufi ni za zamani, siku hizi kuna na namba pia. Zile kampuni zinazopima noti na kuzifunga kwenye plastiki, kama PMG ya Marekani iliyoanza 2005, zinatumia pointi 1 mpaka 70, kipimo kilichozaliwa kwenye sarafu za Kimarekani mwaka 1949 kikahamia kwenye karatasi. Kuanzia 60 kwenda juu ni UNC, 50 mpaka 58 ni AU, 40 na 45 ni XF, 20 mpaka 35 ni VF, unashuka hivyo hivyo. Ukiona herufi EPQ pembeni ya namba maana yake karatasi ni ya asili, haijafuliwa wala kubanwa wala kuongezewa kitu chochote, na kwa PMG noti haiwezi kupata 65 au zaidi bila hizo herufi. Kwa macho ya kawaida 64 na 66 ni kitu kimoja kabisa, tofauti inaweza kuwa picha haijakaa katikati, ukingo mmoja mpana mwingine mwembamba, lakini mkusanyaji anayetaka bora ya bora atalipia hiyo tofauti bila kusita.

Sasa kwa nini hali ndio iamue bei? Ukifuata historia ya noti za Siam, jina la zamani la Thailand, utaona mwenyewe.

Serikali ya Siam ilitoa noti zake za kwanza rasmi tarehe 19 Septemba 1902, enzi za Mfalme Chulalongkorn, zikachapwa London na Thomas De La Rue, kampuni hiyo hiyo iliyokuja kuchapa shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya King George ambazo babu zetu walizitumia. Toleo hilo la 1 lilichapwa upande mmoja tu, nyuma kweupe, na lilianza na tical (jina la zamani la baht) 5, 10, 20, 100 na 1000, ile ya tical 1 ikaja 1918. Hazikuwa na sura ya mfalme. Toleo la 2 la 1925 ndio likawa na pande mbili, nyuma kuna ile sherehe ya kifalme ya kulima. Sura ya mfalme iliingia kwenye toleo la 3, mwaka 1934, naye ni Mfalme Prajadhipok. Noti kama hizi zilikaa kwenye unyevu wa kitropiki, zikapita mikononi mwa watu wenye jasho, zikakunjwa ziingie mfukoni, kwa hiyo kilichobaki kingi ni VG na Fine, na mwenye VF safi ya 1902 ana kitu cha maana kweli kweli.

Ila sehemu inayonigusa zaidi ni noti za vita. Thailand ilitangaza vita dhidi ya Uingereza Januari 1942, na kuanzia hapo ingewezaje tena kupata noti kutoka London? Ikaagiza Japani kupitia Mitsui, hilo ndio toleo la 5. Baadae vita vilivyobana na usafiri wa baharini ukawa wa hatari, wakaanza kuchapa ndani ya nchi, kwenye idara ya ramani ya jeshi na kwingineko, kwa karatasi na wino waliojaliwa kupata wakati huo, sio waliotaka. Ukishika noti ya namna hii unauona uhaba wenyewe kwa vidole, karatasi laini, rangi haijatulia, picha haijakaa sawa. Baada ya vita wakaenda mpaka Marekani, toleo la 8 likachapwa na Tudor Press ya Boston mwaka 1946. Nchi moja, miaka michache tu, wachapaji wa mabara matatu! Na kwa sababu karatasi ya vita ilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza, UNC ya kweli ya miaka hiyo ni adimu kuliko watu wanavyodhani, hata kama noti yenyewe ikiwa VG unaipata kirahisi. Noti ni ile ile, thamani hazikaribiani kabisa.

Geuza upande wa pili uone. Mwaka 1987 Mfalme Bhumibol alipotimiza miaka 60 Thailand ilitoa noti ya baht 60, ya mraba kabisa, milimita 159 kwa 159. Inavutia, inashangaza, kila anayeiona anadhani ni ya bei mbaya. Lakini watu waliinunua kama kumbukumbu wakaiweka kabatini, hakuna aliyeenda nayo sokoni kununulia mchele, kwa hiyo UNC zake zimejaa. Vivyo hivyo ile ya baht 80 ya 2012 ya Malkia Sirikit, na ile ya baht 70 ya 2016. Hapo gredi ya juu haikupi kitu kikubwa kwa sababu kila mtu anayo. Gredi inakuwa na nguvu pale tu ambapo wengi walitumia na wachache wakatunza, hilo naomba ulishike kuliko yote.

Pia gredi haifanyi kazi peke yake, lazima kwanza ujue noti uliyoshika ni aina gani ndani ya toleo lake. Mfano mzuri ni toleo la 9, lililoanza 1948 na kuendelea miaka mingi. Kwa juu juu baht 10 zote za toleo hilo utasema ni noti moja. Sio. Kuna ambazo mfalme kavaa sare bila alama za kola na kuna za baadae zenye alama za kola, kuna namba nyekundu na namba nyeusi, kuna ambazo ukiinua kwenye mwanga picha ya kivuli ni katiba na kuna ambazo ni uso wa mfalme. Juu ya hayo kuna saini mbili, ya waziri wa fedha na ya gavana wa benki kuu, na kwa kuwa noti hizi hazina mwaka, saini ndio zinakuambia imetoka lini. Ukikuta saini ya Puey Ungphakorn kama gavana unajua uko kati ya 1959 na 1971. Mawaziri wengine walikaa muda mfupi, pea ya saini yake ikatoka kidogo, na hapo VF ya saini adimu inaipiku UNC ya saini ya kawaida bila shida. Wauzaji makini wanaandika namba ya Pick, ile ya katalogi ya dunia, pamoja na herufi ndogo ya mwisho inayoonyesha saini, sasa muuzaji akikuandikia tu "baht 10 ya zamani, nzuri sana" mwambie akupigie picha ya saini na uiinue kwenye mwanga ukiipata.

Na namba za noti pia. Wathai wanaipenda sana 9, namba inayoendana na maendeleo kwao na pia Bhumibol alikuwa Rama wa Tisa, yaani mfalme wa tisa wa ukoo wake, kwa hiyo noti yenye 9 zote, au tarakimu zote zinazofanana, au zinazopanda kwa mpangilio, inanunuliwa juu hata kama ni noti ya juzi. Hiyo ni bei ya namba, usiichanganye na bei ya gredi.

Sasa kuhusu udanganyifu. Noti ya VF inaweza kufuliwa, ikabanwa na pasi, ikakatwa kingo kidogo kwa wembe ili kona zirudi kuwa kali, ikauzwa kama AU. Iangalie kwa kuilaza karibu na taa, mwanga upite pembeni, mkunjo uliobanwa bado unaacha mstari, na wino uliochapwa kwa mwinuko unakuwa umelala bapa. Pitisha kidole, noti nzuri ina mkwaruzo. Kwenye taa ya UV karatasi iliyofuliwa kwa sabuni ya unga mara nyingi inang'aa vibaya. Pima na vipimo vyake, ikipungua milimita moja jiulize imeenda wapi. Inaniuma sana nikiona mtu kapiga pasi noti ya mzee wake akidhani anaitengeneza, maana ingebaki vile vile na mikunjo yake ingekuwa VF ya heshima, sasa ni noti iliyochezewa na kila mpimaji ataandika hivyo. Usifue, usipige pasi, usibandike selotepu hata kama imechanika mbele yako.

Kutunza hakuhitaji mambo makubwa. Tafuta mifuko ya poliesta, epuka ile plastiki laini ya PVC inayonuka, inatoa mafuta na kuharibu wino. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar adui mkubwa ni unyevu, madoa ya kahawia na ukungu yanaingia kimya kimya, kwa hiyo weka mahali pakavu, mbali na ukuta wa nje, na uzifungue kuziangalia mara kwa mara. Shika kwa kingo, mikono imekauka.

Ukitaka kujua bei usiangalie bei ambazo wauzaji wanataja, mtu yeyote anaweza kutaja chochote. Tafuta bei ambazo zimelipwa kweli kwenye minada, tena ya noti yenye toleo lile lile, saini ile ile na gredi ile ile, ukilinganisha XF na yako ya Fine utakuwa unajipa matumaini ya bure. Kupeleka noti kwenye kampuni ya kupima kuna gharama ya upimaji na gharama ya kusafirisha kwenda na kurudi, kwa hiyo fanya hivyo kwa noti ambayo tofauti ya ngazi moja inazidi hiyo gharama, kama za toleo la 1 na la 2 au saini adimu ya toleo la 9. Baht 60 ya mraba iache tu kwenye folda yake ilivyokuja.