Sakafu ya saruji hainyonyi chaji ya betri

Katika makundi ya WhatsApp mjini Kigoma huzunguka ujumbe unaoonya kwamba betri ya sola, au ya taa za kuvulia dagaa, ikiwekwa juu ya saruji huisha chaji. Si kweli. Zamani makasha ya betri yalikuwa ya mbao au mpira mgumu yaliyopitisha unyevu na tindikali, na hapo onyo lilikuwa na maana. Ya leo ni ya plastiki, isiyopitisha umeme. Betri ya madini ya risasi na tindikali hujipunguza chaji yenyewe popote ilipo, na joto ndilo huharakisha, hivyo sakafu ya baridi haina hatia. Mwenye shaka na ajaze betri mbili zinazofanana, volti 12.6 hivi kila moja, aweke moja sakafuni na nyingine juu ya ubao, kisha azipime kwa mita baada ya wiki mbili. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze.