Njumu ya Wazuni ni nini?

Ni vito vya fedha (pete, bangili, hereni, vidani, hata bizimu za mikanda) vilivyopambwa kwa vipande vya mawe na kombe za baharini. Vipande hukatwa mpaka vikakaa vikibanana, kisha vyote husuguliwa pamoja hadi ukipitisha kidole juu yake husikii maungio. Mafundi wake ni Wazuni, wenyeji wa asili wa Marekani wanaoishi magharibi mwa jimbo la New Mexico, kusini mwa mji wa Gallup.

Rangi ndizo zinazokuvutia kwanza: buluu ya feruzi, wekundu wa marijani, weupe wa kombe, weusi wa jiwe liitwalo jeti. New Mexico haina bahari. Tangu kale kombe zilifika kwa biashara, zikiwamo za Ghuba ya California, na marijani nyekundu asili yake ni Mediterania.

Kazi ya mawe imeitangulia fedha kwa karne nyingi. Huko Hawikuh, mji wa Wazuni ambao Wahispania waliufikia mwaka 1540, wanaakiolojia walichimbua vitana vilivyonakshiwa vipande vya feruzi. Ufundi wa fedha ulikuja miaka ya 1870, Mnavajo (mtu wa kabila jirani la wenyeji wa asili) aitwaye Atsidi Chon alipomfundisha Mzuni Lanyade. Siku hizo fedha ilipatikana kwa kuyeyusha sarafu. Kwa hiyo Wazuni walijifunza ufundi wa fedha wakiwa tayari ni mabingwa wa mawe, na kwa maoni yangu hilo bado linaonekana: kwenye vito vya Wanavajo mara nyingi fedha ndiyo inayotamba, kwa Wazuni fedha inalishikilia jiwe tu.

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza, sonara hulehemu kuta nyembamba juu ya bamba la fedha, zikatokea vyumba vidogo mithili ya sega la nyuki, kisha kila chumba hupata jiwe lake. Ya pili haina kuta: jiwe hugusana na jiwe, na kosa dogo la kukata halina pa kujificha. Michoro inayopendwa ni uso wa jua, kereng'ende na ndege. Vile vijiwe vyembamba kama sindano, kila kimoja na kizingo chake cha fedha, ni kazi ya Wazuni pia, ila si njumu.

Bandia zimejaa sokoni, nyingine za plastiki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai kuwa kimetengenezwa na wenyeji wa asili ilhali si kweli. Kosa la kwanza linaweza kumgharimu mtu faini ya hadi dola 250,000 na kifungo cha hadi miaka 5. Ndiyo maana muuzaji mjanja huandika "mtindo wa Kizuni". Yasome maneno hayo vizuri kabla ya kutoa pesa. Geuza kito utazame nyuma pia, maana mafundi wengi wa sasa huchora majina yao hapo. Vito vya zamani, hata vya mabingwa, mara nyingi havina jina lolote.