Je, wajua kwa nini kompyuta ya Windows inaanzia diski C? A na B zilienda wapi?

Ukifungua kompyuta ya Windows ukaingia kule zinakoonekana diski zake unakuta C, labda na D, ukichomeka flashi inakuja E au F, ila A na B huzioni kabisa, na wengi tunatumia hizi mashine miaka na miaka bila hata kujiuliza. Ukweli ni kwamba hazijafutwa, ni viti viliwekewa wageni ambao hawaji tena.

Wageni wenyewe ni flopi, zile diski nyembamba za sumaku. Miaka ya 70 kompyuta ndogo nyingi hazikuwa na hadi diski (hard disk, diski ya kudumu inayokaa ndani ya kompyuta) maana bei yake haikamatiki, kwa hiyo vitu vingi vilikaa kwenye flopi. Mmarekani Gary Kildall alikuwa na mfumo wake wa kuendesha kompyuta unaitwa CP/M, ambao draivu ya kwanza, yaani kifaa cha kusomea flopi, uliiita A, ya pili B. Baadaye mwaka 1980 Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products akaandika mfumo unaofanana nao makusudi, ili programu za CP/M zihamishike kirahisi, Microsoft wakaununua, ndo ukawa DOS iliyotoka na kompyuta ya IBM PC Agosti 1981. Ile PC ndani ilikuwa na nafasi ya draivu mbili za flopi, na flopi moja ilibeba KB 160 tu, picha moja ya simu ya leo haiingii.

Sasa utamu uko hapa. Draivu ya pili ilikuwa hela nyingine, hivyo kuna watu walikuwa na moja tu, je wanakopije faili kutoka flopi hadi flopi? DOS ilijifanya draivu hiyohiyo ni A na ni B pia. Unaamuru faili litoke A liende B, mashine inalisoma kwenye memori, inasimama, inakuandikia weka diski ya B kisha bonyeza kitufe chochote, unachomoa unaweka nyingine, na kama faili ni kubwa kuliko memori unarudia tena na tena, chomoa weka chomoa weka. Ndo maana B ilibaki ya flopi hata kwa mwenye draivu moja.

Mwaka 1983 ikaja IBM PC XT na hadi diski ya MB 10 ndani, pamoja na DOS 2.0. A na B zishachukuliwa, ikapewa C, basi.

Flopi zikaanza kufifia, Apple walitoa iMac bila draivu yake mwaka 1998 watu wakapiga kelele kweli, na Sony wakaacha kuziuza Japani mwaka 2011. Ila kuirudisha C iwe A nani athubutu? Programu kibao zimeandikwa ndani yake kabisa njia ya faili inayoanza na C, ukibadilisha zinavurugika. Mac na Linux hawana habari hii kwa sababu wamefuata utaratibu wa Unix, mfumo mwingine wa zamani, ambapo kila diski inaingia ndani ya mti mmoja wa mafolda.

Na kama unaitamani A, inapatikana, nenda kwenye sehemu ya kusimamia diski ndani ya Windows ubadilishe herufi ya flashi yako iwe A au B, itakubali bila shida.