Adianto: maana yake na namna ya kutofautisha spishi zake msituni

Adianto ni jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu) ya makangaga yenye spishi zaidi ya 200 duniani, ambayo wanabotania huiandika Adiantum. Jina hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "kisicholowa", kwa kuwa tone la mvua likidondokea jani lake huteleza na kuanguka, nalo jani likabaki kavu.

Anayepita katika misitu ya Mlima Rungwe nchini Tanzania, au katika vipande vya msitu vilivyosalia kati ya mashamba ya chai ya Mufindi nchini humo, huvutiwa kwanza na kikonyo cha kangaga hili, ambacho ni chembamba, cheusi au cha kahawia iliyokolea, na hung'aa kama unywele uliopakwa mafuta. Hapo ndipo wengi hukosea. Kikonyo cheusi si kitambulisho cha kutosha, kwa sababu hata baadhi ya makangaga ya jenasi Asplenium, ambayo ni mengi katika misitu hiyo hiyo, yana vikonyo vya namna hiyo.

Kitambulisho chenyewe kiko chini ya jani. Ukiligeuza jani lililokomaa utaona kwamba sehemu fulani za ukingo wake zimejikunja kwa ndani, na kwamba vifuko vya spora, yaani chembe za uzazi za kangaga, vimeshikamana na mkunjo wenyewe, si na bapa la jani. Asplenium huwa na vifuko vilivyojipanga kwa mistari juu ya mishipa ya jani, mbali na ukingo. Pteris, jenasi nyingine ya makangaga ambayo pia hukunja ukingo, humchanganya mtu zaidi, lakini vifuko vyake vimeota kwenye jani na mkunjo umevifunika tu. Lenzi ndogo ya mkononi inatosha kuinua mkunjo huo na kumaliza ubishi.

Kutofautisha spishi na spishi ni kazi ngumu zaidi. Katika misitu ya milimani ya Afrika ya kitropiki, inayokutwa mara nyingi ni Adiantum poiretii, ambayo rizomu yake, yaani shina linalotambaa ardhini, ni ndefu, hivyo majani huchomoza moja moja yakiwa yameachana. Adiantum capillus-veneris hupenda miamba inayochuruzika maji, hasa yenye chokaa, na rizomu yake ni fupi, kwa hiyo majani yake hukaribiana. Anayechuma jani peke yake na kuiacha rizomu ardhini, kwa maoni yangu, ameacha nusu ya ushahidi.

Spishi ya tatu, Adiantum raddianum, asili yake ni Amerika ya kitropiki, nayo hupandwa vyunguni kama pambo na mara nyingine hutoroka bustanini. Hufanana mno na capillus-veneris, na ukubwa au uzuri wa jani hausaidii kitu. Inua kijani, yaani kipande kimoja kidogo cha jani, kisicho na spora dhidi ya mwanga ufuate mishipa yake hadi ukingoni: katika capillus-veneris mishipa huishia kwenye ncha za meno ya ukingo, ilhali katika raddianum huishia kwenye vibonde vilivyo kati ya meno. Tena mikunjo ya raddianum huwa ya mviringo au ya umbo la figo, na ya mwenzake huwa mirefu kiasi.

Ukishuka kuelekea maeneo ya chini yenye miombo, sura hubadilika kabisa. Adiantum philippense haina matawi. Vijani vyake vya nusu duara hupangana pande mbili za uti mmoja, na ncha ya jani hurefuka hadi kugusa udongo, ikatoa mizizi na kuanzisha mmea mpya. Adiantum incisum hufanya vivyo hivyo, ila ina vinyweleo vinavyoonekana wazi na vijani vyake vimechanwa zaidi. Majani ya philippense hukauka na kupotea wakati wa kiangazi, kwa hiyo anayeitafuta mwezi Septemba huweza kukanyaga mahali ilipo asione hata jani moja.