Imetema maji, lakini chumvi bado imo

Kila Oktoba, kusi likilegea na watu wakianza kushusha vyombo, karakana yangu hapa Lamu hujaa mashine zilizokwama, zile za boti zinazofungwa nyuma ya chombo. Wenyewe huja na neno lile lile: "Fundi, haikufanya kazi miezi sita, niliiweka bandani tu. Kitu kilichokaa kitaharibikaje?" Mwaka jana nilijibu swali hilo mpaka koo likanikauka. Safari hii naandika mapema, Aprili, upepo haujageuka sawasawa na mashine zingali zinafanya kazi.

Nikimwuliza mtu kama aliiosha kabla ya kuilaza, huapa kwamba aliiosha. Aliitia kwenye pipa la maji matamu, akaiwasha, ikatema maji dakika mbili tatu, akaizima. Ushahidi wake ni huo, kwamba ilitema maji.

Basi sikilizeni. Kile kitundu cha ubavuni kinachotema maji, kwenye mashine nyingi, hupata maji yake kabla hayajapita kwenye themostati. Kinathibitisha kwamba pampu inavuta, basi. Habari za maji yaliyo juu, kuzunguka silinda, hakina. Themostati ni kilango cha maji, hubana mpaka mashine ipate joto, na kwenye nyingi ninazofungua hapa hufunguka penye nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Kabla ya hapo maji matamu hupita njia ya mkato na kutoka, huku maji ya bahari yaliyojificha nyuma ya themostati yakitikisika pale pale. Wewe unazima ukiona umemaliza. Maji yanakauka, chumvi inabaki.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Njia za maji kwenye kichwa cha silinda ni nyembamba, na kila safari ya msimu mzima imeacha fungu lake humo. Miezi sita ya kukaa ndiyo inayoigandisha. Alumini inaota unga mweupe, themostati inang'ang'ania ilipo, na siku ya kwanza ya kushuka mashine inachemka hata kijiji cha Shela, hapo jirani, hujakipita. Gasketi ikiungua maji yanaingia kwenye silinda, na hapo hatuzungumzii tena kuosha, tunazungumzia pistoni na ringi.

Kwa hiyo iache iungurume kwa mwendo wa chini dakika 10 hadi 15. Propela itoe kwanza, na maji ya pipa yapande juu ya lile bamba lililo juu yake. Weka kiganja kwenye kichwa cha silinda: kama bado ni baridi, chumvi ya ndani hujaigusa. Kikishapata moto na maji yanayotoka chini yakawa vuguvugu, hesabu dakika zako kuanzia hapo. Kisha mwaga maji yale, jaza mengine, rudia. Nimeona pipa moja likioshea mashine tano za ndugu, ya tano ikioshwa kwa chumvi ya wanne waliotangulia. Na maji ya kisima yaonje kabla hujayatia. Yakiwa na ladha ya chumvi hayafai, hata kama ndiyo mnayofulia. Masika inanyesha wakati huu huu, kinga maji ya mabati.

Petroli usiilaze ndani. Ikipunguka kwa mvuke huacha utando unaoziba jeti, vile vitundu vyembamba vya petroli ndani ya kabureta. Vitabu husema uchomoe mpira wa mafuta na kuiacha mashine ijizime yenyewe. Kwa mashine za kuchanganya oili na petroli mimi nina wasiwasi na njia hiyo, kwa sababu oili inakuja na petroli, na dakika ile ya mwisho pistoni inakwenda karibu kavu. Mafundi ninaowaheshimu wanaifanya na mashine zao ni nzima, siwezi kuwaambia wamekosea. Mimi nazima mara tu mlio unapobadilika, halafu nafungua skrubu chini ya bakuli la kabureta, kwa sababu hata ikijizima yenyewe bakuli halikauki lote. Kisha toa plagi, tia kijiko cha oili kila silinda, zungusha kwa mkono, rudisha plagi.

Oili ya gia ifungue chini. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi chanzo ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili, ile raba inayozuia maji, na ndiyo sababu nyingine ya kuitoa propela. Oili mpya jaza kutokea chini mpaka ichungulie juu.

Isimamishe. Ukiilaza sakafuni na mguu ukawa juu kuliko kichwa, maji yaliyobaki mguuni hushuka kwa njia ya moshi hadi kwenye silinda. Boti lenyewe livute wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, na kizibo cha tezini kitoe ukakitundike penye kuonekana. Lita 300 za mvua ni kilo 300 juu ya magogo. Wazee walilijua hili la kukaa: jahazi likipandishwa walilikalafati, wakalipaka deheni, wakalifunika makuti jua lisipasue maungio. Hakuna aliyesema limepumzika tu.

Na tafadhali, tafadhali, msiende bandani kila Ijumaa kuiwasha "isisahau kazi". Bila maji, mpira wa pampu unasugua chuma kikavu na kuungua upesi sana. Ukitaka kuisogeza izungushe kwa mkono, upande wake wa kawaida. Ukiirudisha nyuma unakunja mbawa za mpira.

Mwenye kisima cha chumvi na asiye na pa kukinga, aje na pipa lake karakana. Mapipa yangu mawili yamejaa mvua ya juzi.